Uzoefu wangu na stelingi ya G29, mwaka na zaidi wa mbio za mtandaoni nikiwa Mtwara

Kuna jamaa kama watatu hivi hapa Shangani washakuja geto kuijaribu hii stelingi ya kuchezea gemu za mbio za magari na wote swali lao ni moja, mtu anaanzaje na anunue nini, sa nimeona bora niandike yote kwa pamoja maana nikieleza kwa mdomo kila siku nasahau kitu.

Mi natumia Logitech G29. Ni stelingi ya toka 2015, inazunguka digrii 900, inakuja na pedeli tatu yaani klachi, breki na mafuta, gia unabadilisha kwa vile vibao viwili vya nyuma ya stelingi, gia ya mkono inauzwa peke yake. Inakubali PlayStation na kompyuta. Hapo muwe makini sana, mwenye Xbox anatakiwa achukue G920, kwa macho zinafanana sana na dukani unaweza ukapewa yoyote ukaondoka nayo. Yangu ni used, laki nne na nusu, mshkaji aliniangalizia Kariakoo ilikuwa aitume kwa basi siku ya pili yake, kumbe ndo ile Mei 2024 kimbunga Hidaya, barabara ikakatika maeneo ya Somanga na mzigo ukakaa Dar mi huku nasubiri tu.

Ilipofika nikaibana kwenye meza ya plastiki na nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Aisee usifanye hivyo. Stelingi ina mota ndani inayokuvuta mkono ukiingia kona au tairi zikianza kuteleza, sa meza yote inatikisika badala ya mkono wako kusikia gari. Na pedeli zina vile vimeno vya kushika kapeti, kwenye tailizi havisaidii kitu, ukikanyaga breki pedeli zinaenda mbele na kiti kinarudi nyuma. Wiki tatu nilikuwa nadhani stelingi mbovu.

Aliyenifungua macho ni mjomba wangu, huyu anaendesha semi, msimu wa korosho anashusha mzigo bandarini hapa. Alikuja akakaa, akapiga raundi mbili, kila kona anapitiliza. Akaniambia, "Mpwa, hili gari halinisukumi mwili, sa nitajuaje limeshika breki?" Nikakaa nikawaza hilo neno siku nzima. Kwenye gari la kweli ukifunga breki kifua kinaenda mbele, mwili wote unakwambia umekanyaga kiasi gani. Hapa hamna, kitu pekee ulichonacho ni mguu, na mguu unakumbuka ulisukuma kwa nguvu kiasi gani kuliko unavyokumbuka pedeli ilishuka umbali gani. Ndo maana wenye hela wananunua pedeli za lodi seli zinazopima nguvu ya mguu. Ya G29 inapima umbali, ila wameweka kipande cha mpira ndani ya breki kinachofanya iwe ngumu kadri unavyokanyaga, watu wengi wanalalamika ngumu sana wanautoa. Mi nasema uache, ila sasa lazima uwe na kitu imara nyuma ya mgongo, la sivyo huo ugumu unakusukuma wewe na kiti chako.

Kwa hiyo nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamchorea kwenye daftari, akanitengenezea fremu ya skwea paipu, laki na ishirini na rangi juu. Siti nikaipata gereji, ya gari lililokuwa linakatwa spea, elfu arobaini, tena inaenda mbele na nyuma kwenye reli zake kama kawaida. Chini ya stelingi kuna matundu ya bolti za spana namba 10, tukatoboa bati tukafunga moja kwa moja, pedeli nazo vilevile. Stelingi ileile, pedeli zilezile, kompyuta ileile, na kwenye gemu, uwanja wa Lime Rock na gari la Mazda MX-5, nikashuka karibu sekunde mbili kwa mzunguko ndani ya wiki moja! Toka siku hiyo nikiulizwa nasema, kama una laki sita usitafute stelingi ya laki sita, tafuta ya laki nne na nusu na inayobaki mpelekee fundi.

Zile za dairekti draivu, ambazo stelingi imefungwa moja kwa moja kwenye mota bila meno wala mkanda katikati, najua ni bora. Moza R5, mojawapo ya hizo, inavuta mkono kwa nguvu ya 5.5 Nm (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), hii yangu haifiki hata nusu ya hapo. Ila kwa bei yake mpaka ifike huku kusini, kwa mtu anayeanza, mi sioni sababu. Kasoro kubwa ya G29 ninayoisikia kila siku ni kelele, ndani ni meno ya gia, ukipanda yale matuta ya pembeni ya kona inakereza kweli, usiku dada wa chumba cha pili alishanigongea ukuta. Siku hizi nacheza mwisho saa nne.

Kitu kingine cha kwetu huku ni chumvi. Tuko karibu na bahari, baada ya miezi kama saba breki ikaanza kuruka yenyewe, sijakanyaga gari linafunga, nimekanyaga linaachia. Vile vihisio vya pedeli vinakula vumbi na unyevu. Nikafungua, nikapuliza dawa ya kusafishia sakiti ya fundi redio, ikatulia mpaka leo, na sasa nafunika na kitenge nikimaliza.

Mtandaoni nipo iRacing, gemu ya kushindana na watu wengine, unalipia usajili, Mazda na viwanja kadhaa unapewa humohumo, vingine unanunua na bei imechangamka. Mi bado sijanunua hata kimoja. Seva za Ulaya napata pingi (muda wa data kwenda na kurudi) ya milisekunde 180 hivi kwa intaneti ya simu, inachezeka kabisa, kinachoua ni ikipanda na kushuka, hapo gari lako wenzio wanaliona linaruka. Mbio zenyewe hazili bando, kinachokula ni kudaunlodi, hiyo fanya usiku. Unaanza Rookie, daraja la chini kabisa, na alama ya usalama 2.50 na mkigusana pointi za makosa zinaingia kwa wote wawili, haiangaliwi nani kakosea, kwa hiyo raundi ya kwanza waache wanaopigana wapigane, wewe pita taratibu. Nilitoka Rookie bila kushinda hata mbio moja, na nilifurahi vilevile. Kama hutaki malipo ya kila mwezi, gemu ya Assetto Corsa ile ya 2014 unanunua mara moja na kompyuta ya kawaida inaibeba.

Ukienda kununua used, chomeka adapta yake na waya wa kompyuta palepale dukani. Lazima ijizungushe yenyewe mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, irudi katikati, isipofanya hivyo iache hapohapo hata kama wamepunguza bei. Halafu omba wakufungulie kwenye kompyuta sehemu ya kupima pedeli, kanyaga breki taratibu mno, uone ule mstari unapanda bila kuruka.