Darubini ya Mikindani: buku tatu ya kuangalia Jupita, na somo la gesi juu yake

Naona watu wanaulizana kama wale vijana wanaoonyesha sayari usiku kwa darubini kule Mikindani, Mtwara, wanastahili hela au ni walewale. Mimi nimeenda, nasema nenda, ila usiende kwa ajili ya darubini, nenda kwa ajili ya maneno.

Kiingilio buku tatu, watoto buku. Wanatandika mikeka ufukweni, darubini moja imesimama kwenye miguu yake mitatu, shuka jeupe limefungwa kwenye minazi miwili kwa ajili ya projekta, na pembeni kuna mama anauza ming'oko yenye pilipili ya kueleweka. Mbu wapo, jipake dawa kabisa. Foleni ya darubini haina msimamizi, watu wanachomekea, wazee wanapitishwa mbele na hilo halina shida, ila kuna wanaume wazima wa miaka thelathini siku hiyo nao wakawa wazee ghafla. Ukifika zamu yako unaona kiduara cheupe chenye unjano kwa mbali, ukitulia unaona mistari miwili ya kahawia imekatiza, na pembeni vinukta vimejipanga, ndio miezi ileile minne aliyoiona Galileo mwaka 1610, kwetu ilionekana mitatu tu. Basi, ndo hivyo. Kama unategemea zile picha za rangirangi za kwenye simu utanuna.

Sasa maneno. Mada ya siku hiyo ilikuwa viumbe wenye akili kutuzidi, kama wapo huko kwenye nyota nyingine, wangezitumiaje sayari kubwa za gesi kupata nishati. We fikiria umesema neno gesi mbele ya watu wa Mtwara, ufukwe ulijaa. Ticha, yule anayetoa somo (kila mtu anamwita hivyo), hajamaliza hata salamu babu mmoja akauliza, "Mjukuu wangu, na hilo bomba la huko linaenda wapi?" Watu hoi. Waliokuwepo hapa 2013 wanajua babu alikuwa anamaanisha nini, watu wa Mtwara waliandamana kupinga gesi kupelekwa Dar, "gesi haitoki" na yote yaliyofuata, na bomba likazinduliwa 2015 likaenda zake Dar.

Nilichompendea ticha hakukimbia swali. Akasema, "Babu, ile ya kule hata ukiletewa bure mlangoni huko kwao, huwashi jiko." Gesi yetu ya Mnazi Bay sehemu kubwa ni methani, na inawaka kwa sababu hewa tunayovuta ina oksijeni. Jupita, au Mshtarii ukipenda, kwa uzito wake karibu robo tatu ni haidrojeni na iliyobaki karibu yote ni heliamu, oksijeni ya huko imeshajifunga kwenye maji na vitu vingine, kwa hiyo hata uwashe kiberiti cha ukubwa wa Mtwara nzima hakuna kitakachowaka. Anayetaka nishati pale asifikirie kuchoma, afikirie mvutano, mzunguko na sumaku. Hapo ndo nikakaa vizuri kwenye mkeka, maana miaka yote nilijua sayari ya gesi ni kama kisima kikubwa cha gesi kinachosubiri mwekezaji.

Sehemu ya mwezi unaoitwa Io peke yake inatosha kulipia kiingilio. Io unaizunguka Jupita kwa saa kama 42 hivi, na miezi wenzake Europa na Ganymede wanauvuta kila mara kwa hiyo njia yake haiwi duara kamili, unasogea karibu kidogo, unarudi mbali kidogo, na Jupita inaukamua na kuuachia, inaukamua na kuuachia, mpaka tumbo lake linayeyuka. Una volkano zinazofanya kazi zaidi ya 400, na chombo cha angani Voyager 1 ndicho kilianza kuzigundua 1979. Joto linalotoka pale ni kama wati trilioni 100, wakati binadamu wote duniani na viwanda vyetu na magari yetu tunatumia kama trilioni 20. Yaani mwezi mmoja, mara tano yetu, na hakuna aliyechimba hata shimo! Hao viumbe wangeweka tu mitambo ya jotoardhi pale, kama wataiweza mionzi, maana mtu kama mimi na wewe ile mionzi ya Jupita ingetupa dozi ya kuua ndani ya saa chache.

Kwenye sumaku ndo akatoa baiskeli. Kaigeuza juu chini, ina dinamo na kataa kadogo, akaita mtoto azungushe pedali. Taa ikawaka. Akachomoa dinamo, mtoto akazungusha tena, akasema imekuwa nyepesi. "Umeona? Taa inakula nguvu yako." Io ukipita ndani ya eneo la nguvu ya sumaku ya Jupita unazalisha umeme wa mamilioni ya ampia, na wenye teknolojia wangeweza kuburuta waya mrefu sana angani wakapata kitu hichohicho, ila kila wanachochukua kinakatwa kwenye mwendo wa kitu fulani, ama waya unashuka ama sayari inapunguza mzunguko, ingawa Jupita inajizungusha chini ya saa kumi na ni nzito mara 318 ya dunia kwa hiyo ungechelewa sana kugundua. Na katikati ya hapo umeme ukakatika, projekta kwisha! Mkoa wa gesi huo. Jenereta lao lilichukua muda kuwaka ila mtoto aliendelea na pedali na somo likaendelea kwa mwanga wa kataa kale, nadhani ilikuwa bora kuliko slaidi.

Baada ya hapo akaanza kukimbiza somo. Heliamu-3, aina nyepesi ya heliamu inayoweza kuwa mafuta ya nyuklia, aliipitia juujuu, wakati ndo kitu ambacho wahandisi wamekipigia hesabu kweli. Kati ya 1973 na 1978 Waingereza walichora chombo cha kwenda nyota nyingine, mradi unaitwa Daedalus, mafuta yake tani 50,000 na tani 30,000 kati ya hizo ni heliamu-3 ambayo ingevunwa Jupita na viwanda vinavyoning'inia kwenye maputo kwa miaka 20. Maputo kwa sababu hakuna ardhi ya kukanyaga, ule mtambo uliotumbukizwa mule 1995 ulidumu kama saa moja tu ukanyamaza. Nikamuuliza ticha mzigo unatokaje, maana kuichomoka Jupita unahitaji mwendo wa karibu kilomita 60 kwa sekunde na hapa duniani ni 11. Akajibu vizuri, kwamba ndio maana mwenye akili angeenda sayari ya Uranusi ambako ni 21 tu. Sawa, lakini hilo lilitakiwa liwe kwenye somo, sio mpaka mtu anyooshe mkono.

Ya kuibomoa Jupita nzima na kuzungushia jua tabaka la kuvuna mwanga, aliyoiandika mwanafizikia Freeman Dyson 1960, mimi haikunigusa. Kazi ya kubomoa tu inakula nishati sawa na inayotolewa na jua kwa miaka 800. Mama wa ming'oko aliuliza, "Sasa hao mpaka wamalize kubomoa wanapikia nini?" Ticha alicheka, hakujibu.

Na hapa namkata nyota moja ya maksi. Alikuwa anaongea kama hao viumbe wapo na jana walimpigia simu. Ukweli ni kwamba nishati yote ikitumika inaishia kuwa joto, na joto linaonekana kwa darubini za infraredi, na watafiti waliotumia darubini ya angani ya WISE wakapitia magalaksi (makundi makubwa ya nyota) kama 100,000 walitoa majibu 2015 kwamba hawakuona dalili ya wazi ya ustaarabu unaotumia sehemu kubwa ya mwanga wa galaksi nzima. Alilisema hilo mwishoni kabisa watu wameshaanza kukung'uta mikeka.

Nyota nne kati ya tano. Mawingu yakifunga hela hairudi, unapewa somo tu, kwa hiyo angalia anga kabla hujatoka home na masika usijisumbue. Ukivumilia wengi wakiondoka wanakuachia darubini uangalie mpaka uchoke, bila kuongeza hela. Boda wa kurudi mjini kubaliana naye mapema, kuanzia saa nne usiku wanataja bei wanayoota.