Chumba cha gemu cha Langoni, kwa wanaopenda kutafuta milango

Mpwa wangu ana miaka 11. Mpira wa kwenye simu anaucheza huku anakula, na magoli anafunga. Lakini Alhamisi ile alisimama juu ya bomba la nne la gemu ya Super Mario Bros., hatua ya kwanza kabisa, asijue kwamba chini ya miguu yake pana mlango. Mwenye chumba alikuwa nyuma yetu na kikombe chake cha kahawa chungu. Hakusema neno. Mimi nalijua bomba lile tangu nikiwa darasa la pili, nikajizuia kwa shida. Kijana akaruka, akaanguka shimoni, akaanza upya, akaanguka tena. Safari ya tano alipotua juu ya bomba akabonyeza chini, na Mario akazama taratibu mpaka kofia nayo ikapotea. Skrini ikawa nyeusi kidogo. Halafu kikatokea chumba cha matofali, adui hata mmoja hamna, sarafu 19 zimepangwa safu tatu zinamngoja yeye.

"Mjomba," akanigeukia, "kumbe ulikuwa unajua?"

Nikamwambia ndiyo. Akaninunia dakika nzima, kisha akaniomba nisimwambie kingine chochote. Tangu siku hiyo tumerudi mara saba, na ninataka watu wa Amu, yaani Lamu, wakijue chumba hiki kabla watoto wao hawajakua.

Kiko Langoni. Ukitoka Ngomeni shika Usita wa Mui kwenda upande wa Riyadha, kisha uliza, kwa sababu hakina kibao. Ni chumba cha chini cha nyumba ya mawe, kimepakwa chokaa, kina mikeka, feni moja, na televisheni tatu za zamani zile zenye mgongo. Ya kwanza imeunganishwa na mashine ya kuiga Famicom, ile ya zamani ya Nintendo, ya kaseti za manjano, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyokulia. Ya pili ina Super Nintendo. Ya tatu ina Sega, yaani Mega Drive. Dakika kumi ni shilingi 20, saa nzima ni 100. Hufunguliwa baada ya alasiri, hufungwa magharibi, kisha hufunguliwa tena baada ya isha mpaka saa nne.

Mlangoni pana kikapu cha ukili. Simu zote huingia humo, za watoto na za wazee. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Ami, ndivyo tunavyomwita mwenye chumba, na kwangu ndiyo huduma kubwa anayouza. Sheria ya pili ni daftari. Anayo orodha yake ya milango ya siri kwa kila gemu, na mtoto akiupata mmoja bila kuambiwa, Ami huandika jina lake na tarehe mbele ya hatua hiyo na kumpa dakika kumi za bure. Haandiki ulipatikanaje. Nimeliona daftari: jina la mtoto, tarehe, "2-1, juu", basi. Mwenye kujua anaelewa kuwa ni dunia ya pili, hatua ya kwanza, na ule mmea unaochipuka kutoka kwenye tofali na kupanda mpaka mawinguni kwenye sarafu. Asiyejua haambulii kitu, anabaki na hamu.

Nimesikia wazazi wakisema sheria ya simu ni ukali wa bure. Siafikiani nao. Mtoto akiwa na simu ataangalia video ya sekunde kumi, ataliona bomba, ataingia, atatoka. Sarafu atazipata zilezile 19. Ila hatakuwa amesimama pale mara nne akiwa kipofu, na mara ya tano akaona. Mpwa wangu sasa hapiti juu ya bomba lolote bila kubonyeza chini. Anaruka ukutani penye matofali matupu akigonga kwa kichwa, moja baada ya moja. Hivyo ndivyo alivyolipata mwenyewe lile tofali lisiloonekana la hatua ya kwanza, kabla ya shimo, linalotoa uyoga wa kijani wa kuongeza uhai. Ameandikwa daftarini kwa lile pia.

Sasa nije kwenye hatua ya pili, 1-2, ile ya chini ya ardhi, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya yote.

Ukikaribia mwisho, baada ya lifti, njia inakuonyesha bomba la kutokea. Kila kitu kinakuambia ingia hapa, umemaliza. Lakini ukipanda lifti na kurukia matofali ya darini, unakuta dari hiyo ina juu yake, na huko juu unaweza kutembea. Mario anakimbia palepale zilipoandikwa alama na sarafu zako, mahali ambapo mtu angeapa si sehemu ya gemu. Unapita juu ya bomba la kutokea, unashuka upande wa pili, na unakuta mabomba matatu yenye namba 4, 3 na 2 juu yake. Ulikuwa dunia ya kwanza, dakika hiyohiyo unaweza kuingia ya nne.

Kwa mtu wa Amu jambo hili lina ladha yake. Mimi ni mwashi, nyumba za mawe ndiyo kazi yangu, na wikio nimezitengeneza si moja. Mgeni anayepita kichochoroni anaona kama kivuli tu juu ya kichwa chake, chumba kimevuka njia kutoka ukuta huu hadi ule. Hajui kwamba huko juu bibi zetu walikuwa wakitoka nyumba moja kwenda nyingine kumwona jamaa bila kukanyaga njia ya chini. Njia ya wageni iko chini, ya wenyeji iko juu ya dari. Nilipomweleza mpwa wangu hivyo tukiwa tunarudi nyumbani, alisimama chini ya wikio ya kwanza tuliyoikuta, akainua kichwa mpaka punda aliyebeba mchanga akatupitia na sisi tumejibana ukutani. Hakusema kitu. Kesho yake alipanda dari ya 1-2 bila mtu kumwambia. Labda nilimwambia mimi, bila kujua. Ami alinitazama kwa jicho kali, lakini aliandika.

Televisheni ya pili ndiyo ninayokaa mimi mwenyewe. Donkey Kong Country ilitengenezwa na Rare ya Uingereza kwa ajili ya Super Nintendo mwaka 1994, na sijaona gemu iliyozificha njia za bonasi kwa wingi kama ile. Vyumba viko nyuma ya kuta. Unalivurumisha pipa, likigonga jiwe la kawaida linavunjika nalo jiwe liko vilevile. Likigonga ukuta wenye chumba, ukuta unafunguka tundu jeusi unaloweza kuingia. Ukimpanda Rambi, yule kifaru, pembe yake hufanya kazi hiyohiyo. Na kuna mengine yako ndani ya mashimo ambayo kila akili yako inakuambia ni kifo. Ndizi moja inaonekana ukingoni, unajirusha, na chini kuna pipa la mzinga linakudaka na kukupeleka chumbani.

Dalili zake ni za haki, na kwangu hapo ndipo mlango mzuri unapojulikana. Pipa limewekwa mahali pasipo na adui wa kupigwa nalo, basi jiulize limewekwa la nini. Nami kazini ndivyo ninavyotafuta. Mlango uliozibwa miaka mingi hauonekani, lakini chokaa iliyotiwa baadaye haifanani kabisa na ya mwanzo, na ukipigapiga ukuta kwa mpini wa nyundo, sauti yake pale inakuwa pana zaidi. Mwaka jana, katika nyumba ya Mkomani, nilipiga hivyo nikakuta mlango mzima uliojazwa mawe nyuma ya kabati, mwenye nyumba mwenyewe amezaliwa humo na hakuwa na habari. Nilimkumbuka Donkey Kong, nasema kweli.

Kuna hatua inaitwa Oil Drum Alley. Humo, ndani ya chumba cha bonasi, kuna ukuta mwingine unaovunjika, wenye chumba kingine. Niliupata baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimeshahesabu kwamba nimemaliza. Nilinyanyuka mkekani, watoto wakanishangaa, Ami akanipigia makofi kwa kikombe na kijiko.

Gemu ile ina uaminifu mmoja ninaoupenda: ukizipata bonasi zote za hatua, jina la hatua kwenye ramani linaongezewa alama ya mshangao. Haikosei hesabu. Na mwisho wa yote asilimia haikomei 100, inafika 101.

Kwenye Sega nitasema machache, kwa sababu mimi na gemu za Sonic, yule kalunguyeye wa buluu, hatujaelewana sana. Katika ile ya kwanza, ya 1991, unafika mwisho wa hatua na pete 50 mkononi, pete kubwa inajitokeza, unarukia ndani. Mlango hujautafuta, umeulipia. Ya pili, ya 1992, inakutaka pete 50 unapogusa nguzo ya katikati ya njia, nyota zinazunguka juu yake, unaruka. Ukirudi umeshanyang'anywa pete zote, unaendelea mtupu. Na humo ndani yule mbweha Tails anakufuata nyuma na kugonga mabomu uliyokwisha kuyakwepa, akipoteza pete mlizohitaji. Mpwa wangu alilia machozi. Sonic 3, ya 1994, ndiyo iliyorudi kwenye njia iliyonyooka: pete kubwa zimefichwa kwenye vyumba vya pembeni, hudaiwi kitu, uzione tu. Ukienda na mtoto, mwanzishie hiyo.

Super Mario Bros. 3 nayo ipo, kaseti imechanika karatasi. Kule hatua ya 1-3 kuna jukwaa jeupe. Ukilichuchumalia kama sekunde tano, Mario anadondoka nyuma ya mandhari na kupita nyuma ya kila kitu mpaka kwenye filimbi ya kurukia dunia nyingine. Mlango huu siupendi kama wengine wanavyoupenda. Weupe ni dalili, sawa, lakini nani atachuchumaa sekunde tano kwa hiari yake? Huo ulisafiri kwa midomo. Mimi niliupata kwa binamu aliyekuja likizo kutoka Mombasa, na katika daftari la Ami nafasi yake bado ni tupu, hakuna mtoto aliyeupata peke yake.

Kasoro zipo, na ninazisema kwa sababu nakitakia chumba hiki maisha marefu. Joto la kaskazi humo ni kali, feni moja haitoshi watu tisa. Stima ikikatika, na hukatika, dakika zako Ami anakurudishia ila ulipofika panapotea. Betri ya ndani ya kaseti ya Donkey Kong Country ilikuwa imekufa kwa uzee, Jumamosi moja tukakuta kazi ya majuma mawili imefutika. Ameshamtafuta fundi akaunganisha nyingine kwa risasi, na tangu hapo inashika.

Kubwa zaidi ni padi. Padi ya pili ya mashine ya Famicom ilikuwa haibonyezeki chini. Fikiria maana yake. Mtoto wa jirani yangu alisimama juu ya bomba sahihi, akabonyeza sahihi, na mlango haukufunguka. Akaandika akilini mwake kwamba pale hapana kitu, akaacha kujaribu mabomba siku tatu nzima. Mwenye kutafuta akikosea atajaribu tena, lakini akipatia na asijibiwe, anafundishwa uongo. Nilimwambia Ami kwa uchungu. Hakujitetea. Alileta bisibisi, tukaifungua pamoja mkekani: chini ya kila kitufe kuna mpira mwembamba wenye doa jeusi la kaboni, unaogusa mistari ya shaba kwenye bodi. Doa la chini lilikuwa limelika na kujaa jasho na unga wa mahamri. Tukasafisha kwa pamba na spiriti, mpira tukautoa kwenye padi nyingine iliyokufa. Kisha Ami akamtuma mtu amwite yule mtoto.

"Ndoo, mwanangu," akamwambia alipofika. "Juzi padi ilikukosea. Anza tena, yeo hulipi."

Hakumwambia bomba lipi.

Kwa anayeuliza kama shilingi 100 zinalingana na saa, mimi nalipa kila Jumamosi na sijawahi kujuta. Nenda mapema, kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu Super Nintendo ni moja na foleni yake haina utani. Mwambie mtoto aache simu nyumbani ili asisumbuke na kikapu. Nawe mzazi ukiujua mlango, funga mdomo, hata kama anaanguka shimoni mara ishirini.

Sisi bado tuna deni. Hatua ya kwanza kabisa ya Donkey Kong Country, Jungle Hijinxs, tulianza upya baada ya betri, na jina lake kwenye ramani halijapata alama ya mshangao. Vyumba ni viwili, tumeingia kimoja. Mimi nilikuwa nakijua cha pili miaka ile na nimekisahau kabisa, kwa hiyo safari hii tuko sawasawa. Mpwa wangu anasema ni ukuta. Mimi nasema ni ukuta pia, lakini si ule anaousema yeye.