TAHADHARI: Sanduku la komiki za "Mhindi wa Jinja" ni changa la macho

Ndugu zangu mnaokusanya katuni za kale, hasa mlioko Kampala, Jinja, Mbale na kule Busia, kaeni chonjo. Kuna tapeli anazunguka na sanduku la bati la bluu, anasema ni mali ya familia ya Kihindi iliyofukuzwa na Amin 1972. Amenilamba milioni moja na laki saba. Naandika damu ikiwa bado inachemka, kwa hiyo mkikuta maneno makali nivumilieni.

Na kabla hamjaanza kucheka: mnanijua. Mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Niliapa zamani sinunui kitu ambacho sijakishika kwa mikono yangu. Huyu alikubali nikishike! Ndiyo maana nasema si tapeli wa kawaida.

Tulikutana Jinja, nyuma ya yale maduka ya kale ya Main Street. Amevaa shati lililopigwa pasi, ananiita "mzee wangu", Kiswahili chake safi cha watu wa mpakani. Hadithi yake ni kwamba babu yake alikuwa mpishi wa Mhindi mwenye duka. Amin alipotangaza ile Agosti kwamba Waasia wana siku 90 za kuondoka, tajiri akamkabidhi mpishi funguo na sanduku, akamwambia nitunzie, nitarudi. Hakurudi. Jamani, ni nani hapa Uganda hajawahi kusikia hadithi ya namna hiyo? Kila mji una nyumba yenye habari kama hizo, na nyingi ni za kweli. Vitabu vya Kiingereza vyenye mihuri ya maduka ya zamani ya Kampala nimeshaviona mwenyewe. Ningeanzaje kumbishia mtu babu yake?

Sasa sikilizeni alivyonichezea. Kitu cha kwanza kutoa sandukuni kilikuwa Action Comics namba 1, ile ya Superman ameinua gari, ya Juni 1938. Hiyo hiyo ambayo nakala yake moja iliuzwa dola milioni 6 mwaka 2024. Nikacheka. Nikamwambia, kijana, hii ni ile ambayo wachapishaji wake, DC, waliichapa upya 1974 kwa umbo kubwa, na jalada la nje lililosema kwamba ni nakala limeng'olewa. Ya kweli ina upana wa kama sentimita 20 tu, hii yako ni sinia. Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Kumbe! Mzee wangu umeniokoa, kuna Mzungu nilitaka kumpelekea, ningeaibika mimi." Akaitupa pembeni kama takataka, akaniomba nimfundishe.

Ilikuwa chambo ile. Leo naapa alijua vizuri kabisa ni nini. Alitaka nimkamate. Ukishamkamata mtu, naye akakushukuru, akakuita mwalimu, utamshuku tena kwa lipi? Nilimfundisha kweli, tena kwa kirefu, nikamweleza mpaka habari za bei za senti 10 na senti 12 kwenye majalada ya zamani. Mshenzi anaitikia "ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu" huku anajua pochi yangu ilipo.

Ndipo akafunua gazeti kukuu, chini yake kuna The Incredible Hulk namba 181. Wenzangu mnajua. Wolverine, yule shujaa mwenye makucha, anachungulia tu mwishoni mwa namba 180, lakini 181 ndiyo anayopigana kuanzia mwanzo, na ndiyo watu wanayouza mashamba kuipata. Moyo ulinipiga. Lakini sikupaparika! Nilimwambia aitoe kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, nione ukurasa wa barua, kwa sababu toleo hilo lina ile stempu ndogo ya Marvel, wachapishaji wake, ambayo watoto wa wakati ule waliikata wakabandika kwenye kijitabu, na ikikatwa bei inaporomoka vibaya. Akaitoa. Nikafungua. Stempu ipo! Nikakagua pini za katikati, zina kutu kidogo, jambo la kawaida kwa hali ya hewa ya ziwani. Kingo za karatasi zina rangi ya chai. Nikanusa. Hata harufu ilikuwa ya uzee. Ndani kulikuwa na stika ya duka la vitabu, chakavu, imebandikwa juu ya yale maandishi madogo ya mchapishaji. Mimi hiyo stika ndiyo iliyonimaliza. Nilisema moyoni, hii imekaa kwenye duka la Wahindi, basi.

Nyingine zilikuwa zimefungwa kavera moja moja kwa gundi ya karatasi, akasema zisifunguliwe, jasho la mikono linaziharibu. Neno hilo lina ukweli ndani yake, ndipo ubaya wake ulipo. Akatoa simu akanionyesha bei mtandaoni, Hulk kama hiyo dola 9,000. Anateleza kidole haraka haraka, ukurasa hautulii. Bei ya sanduku zima milioni mbili na laki nne. Nikamshusha. Akalalamika, akasema mama yake mgonjwa, akakubali. Nilipotuma pesa kwa simu jina lililotokea halikuwa lake. "Ni laini ya shemeji, mwalimu." Nikabonyeza.

Njia nzima nimelipakata lile sanduku kwenye taksi, tumepita Mabira watu wananunua kuku pale Namawojjolo, mimi sishuki hata kukojoa.

Mpwa wangu ndiye aliyeuliza, naye ni mtoto wa sekondari: "Mjomba, Wahindi walifukuzwa lini?" Nikamwambia 1972. "Na hii Wolverine ilitoka lini?" Novemba 1974. Kimya. Kitabu kiliingiaje sandukuni miaka miwili baada ya wenyewe kwenda Uingereza, kwa miguu? Jalada la Marvel la wakati ule lina mwezi tu, NOV, mwaka haumo. Na mtu aliyeshika 181 mkononi hafanyi hesabu za historia ya Uganda, nisameheni. Tukabandua stika kwa mvuke wa birika. Chini yake: 2019. Ni nakala mpya ambayo Marvel wenyewe waliichapa kihalali, na matangazo ya zamani na stempu vikiwemo. Chai ilikuwa chai kweli.

Zile za kavera ni X-Men namba 1 ya 1991, tena nyingi, na Superman ile ya kufa kwake. Hiyo X-Men ilichapwa nakala zaidi ya milioni nane na kila mtu aliiweka kabatini akingoja utajiri. Safu ya chini kabisa ni vitabu vya hesabu vya darasa la sita. Vya Kenya.

Huyu mtu akamatwe. Asionywe, akamatwe! Polisi wa Jinja nimeshawaandikia maelezo. Alale gereza la Luzira, apewe hizo X-Men azisome mpaka azikariri, na chai asipewe maana anaitumia vibaya. Na yule "shemeji" mwenye laini naye aunganishwe. Wanasema wezi wa kuku wanapigwa sokoni, huyu aliyevaa shati la pasi anapigwa wapi?

Mpwa ananiambia niandike na dalili. Haya. Mistari ya msimbo (barcode) kwenye majalada ya Marekani ilianza 1976, kwa hiyo "sanduku la 1972" lenye mistari hiyo ni uongo, na zile za kavera zote zilikuwa nayo. Bei anazokuonyesha ni za watu wanaoomba, mwambie akuonyeshe zilizouzwa, kisha uulize ya daraja gani, kwa sababu ile CGC, kampuni ya Marekani inayokagua hali ya katuni, inapima kutoka 0.5 hadi 10, na Hulk ya 9 si ndugu wa Hulk ya 2. Maandishi madogo ya mchapishaji yasomwe, yakifunikwa na kitu chochote ondoka. Jina la laini ndilo jina la muuzaji. Mengine mnayajua, mimi nimechoka.

Nimeambiwa ameonekana Mbale wiki hii na sanduku jingine, safari hii la kijani. Akikupigia, mkubalie mkutane, kisha nitafute mimi kwanza. Usimwite mtu mwingine. Na Mama Aisha bado hajui ni kiasi gani, kwa hiyo mkikutana naye sokoni tunazungumzia mvua.