Tathmini: Telegram kwa vikundi vya wapenzi wa jambo moja

Kikundi cha wapiga picha kikifika watu mia tatu hivi, mazungumzo matano huenda kwa wakati mmoja. Huyu anauliza anunue lenzi gani, yule anatuma picha ili zikosolewe, wa tatu anauza kamera, na swali la mgeni linapotelea juu kabla halijajibiwa. Kati ya programu za mazungumzo zinazotumiwa na watu wengi, Telegram ndiyo iliyolishughulikia tatizo hili vizuri zaidi, kupitia mada zilizoanza Novemba 2022. Kikundi kimoja hugawanyika vyumba vingi, kila chumba kina jina lake na ujumbe wake, na wanachama ni walewale. Tunaipa alama za juu kwa kazi hii, kwa sharti kwamba msimamizi awe tayari kukaa chini na kupanga kabla ya kualika watu. Mipangilio inayokuja na kikundi kipya imelegea mno.

Kuwasha mada hakuchukui hata dakika. Fungua kikundi, gusa jina lake hapo juu, ingia sehemu ya kuhariri (kwenye Android ni alama ya kalamu), kisha washa swichi ya mada. Mazungumzo yote yaliyokuwapo hayapotei. Yanaingia kwenye mada ya jumla ambayo programu huiunda yenyewe. Mada hiyo haifutiki, ila inaweza kufichwa. Usiifiche mapema. Wanachama wa zamani wataitafuta humo historia yao yote, na wasipoiona watadhani imefutwa.

Swali linalowashinda wengi ni mada ngapi. Msimamizi mwenye hamu hufungua kumi na tano siku ya kwanza: kamera, lenzi, taa, harusi, mandhari, wanyama, filamu, simu, kuhariri, mashindano na kadhalika. Wiki mbili baadaye kumi kati ya hizo hazina ujumbe hata mmoja, na mgeni anayeingia akikuta vyumba vitupu huamini kikundi kimekufa. Anza na nne: matangazo, maswali, picha za kukosolewa, na soko. Hizo zimegawanywa kwa kazi ambayo mtu amekuja kuifanya, si kwa somo, na ndiyo maana hudumu. Anayeuliza kuhusu taa za harusi hatahangaika kuchagua kati ya "taa" na "harusi". Ana swali, basi anaingia kwenye maswali. Mada ya tano ifunguliwe pale jambo moja linapokuwa limejaa ndani ya mada nyingine kwa siku nyingi mfululizo na wengine wameanza kulalamika. Soko litenganishwe tangu mwanzo hata kama wauzaji ni wawili tu, kwa sababu tangazo la biashara katikati ya maswali ndilo huwafanya watu wazime mlio wa kikundi kizima. Hapa Telegram imefanya jambo la maana: kila mwanachama anaweza kuzima mlio wa mada moja na kuziacha nyingine zikimwarifu.

Mada ya matangazo ifungwe. Mada iliyofungwa husomwa na wote lakini huandikwa na wasimamizi pekee. Kanuni za kikundi zikae humo, zikiwa zimebandikwa juu, katika ujumbe mmoja mfupi unaosomeka bila kuviringisha skrini mara tatu. Halafu nenda kwenye ruhusa za wanachama uzime ile ya kuunda mada. Ukiiacha wazi, kila mwenye swali atajifungulia chumba chake, na orodha uliyoipanga itavurugika.

Kasoro kubwa ya mfumo huu ni kwamba ujumbe hauwezi kuhamishwa kutoka mada moja kwenda nyingine. Mtu akiuliza swali zuri ndani ya soko na watu wanane wakalijibu, msimamizi hana njia ya kuyachukua mazungumzo hayo na kuyaweka panapostahili. Kinachowezekana ni kuuchagua ujumbe wa kwanza, kuusambaza kwenye mada sahihi, kumwomba mwenyewe aendelee huko, kisha kuufuta wa awali. Majibu yaliyokwisha kuandikwa yanabaki nyuma. Kwa programu inayojigamba kwa utaratibu, huu ni upungufu unaoudhi kweli. Dawa yake ni kuwahi: swali lililopotea njia lielekezwe kabla jibu la pili halijaingia. Kwa hiyo kikundi chenye shughuli kinahitaji wasimamizi watatu au wanne wanaoshinda mtandaoni saa tofauti, si mmoja mwenye bidii.

Katika kugawa madaraka Telegram haina mpinzani. Kila msimamizi hupewa haki mojamoja: kufuta ujumbe, kufungia watu, kubandika ujumbe, kusimamia mada, kubadilisha jina na picha ya kikundi, kuongeza wasimamizi wengine. Msimamizi wa soko anahitaji kufuta na kufungia tu. Haki ya kuongeza wasimamizi ibaki kwa mmiliki na mtu mmoja anayeaminika, kwani ndiyo njia ambayo vikundi hutekwa: mmoja huongezwa kwa urafiki, naye huongeza wa kwake. Ukipokea malalamiko kwamba ujumbe wa mtu umefutwa kwa uonevu, fungua orodha ya matendo ya karibuni. Inaonyesha nani alifuta nini, pamoja na ujumbe wenyewe, lakini kwa saa 48 tu. Lalamiko la Jumatatu likisikilizwa Alhamisi halina ushahidi tena.

Kuna pia mpangilio wa kuchelewesha ujumbe: mwanachama akishaandika hulazimika kusubiri, kuanzia sekunde chache hadi saa nzima, kabla ya kuandika tena. Hauwagusi wasimamizi. Sekunde 30 hutosha kupoza mabishano kuhusu kamera ipi bora. Saa nzima huua mazungumzo, na watu huhamia kuandikiana faraghani.

Matapeli ni tatizo la kudumu, hasa kikundi kikiwa cha wazi. Kikundi cha wazi hupatikana kwa kutafutwa jina, na historia yake husomwa na yeyote hata kabla hajajiunga. Hilo huwafaa wanaotaka kukua haraka, lakini pamoja na wapenzi wa picha huja wauzaji wa ahadi za kutajirika. Kikundi cha faragha chenye linki ya mwaliko ni salama zaidi. Tengeneza linki tofauti kwa kila mahali unapoitangaza, uiwekee muda wa kuisha au idadi ya watu, au udai idhini ya msimamizi kwa kila anayeigonga. Linki moja ikivuja unaibatilisha peke yake, nyingine zinaendelea. Kikundi kikiwa cha faragha, hakikisha historia imewekwa ionekane kwa wanachama wapya. Mgeni anayeweza kutafuta ndani ya mada ya maswali hatarudia swali lililojibiwa mwezi uliopita.

Roboti, yaani akaunti zinazoendeshwa na programu badala ya mtu, za kusalimu wageni na kuondoa linki za matangazo husaidia, ila zichaguliwe kwa hadhari. Kwa kawaida roboti ndani ya kikundi huona amri inazopewa na majibu yanayoelekezwa kwake. Ukiifanya msimamizi, inasoma ujumbe wote wa kila mtu. Usiipe nafasi hiyo roboti usiyojua inaendeshwa na nani.

Kwa wapiga picha kuna jambo la ziada la kuandika kwenye kanuni. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupungua ubora, hivyo kuikosoa kwa ukali wake au rangi zake ni kumwonea mwenyewe. Itumwe kama faili, ibaki ilivyo. Lakini faili hubeba pia taarifa za ndani ya picha, na kama kamera au simu ilirekodi mahali ilipopigwa, kila mwanachama anaweza kupasoma. Anayetuma picha za nyumbani kwake aziondoe taarifa hizo kwanza.

Wengi watauliza kwa nini wasibaki WhatsApp, ambako jumuiya zilizinduliwa pia Novemba 2022. Jumuiya ya WhatsApp hukusanya vikundi kamili chini ya paa moja, kila kimoja na wanachama wake, hadi watu 1,024. Telegram hufika 200,000 katika kikundi kimoja. Tofauti kubwa zaidi ni namba za simu: ndani ya kikundi cha WhatsApp wenzako huziona, wakati Telegram inakuruhusu kuificha yako na kujulikana kwa jina la mtumiaji. Kwa watu wasiofahamiana hilo ni jambo zito, hasa kwa wanawake, ambao husumbuliwa faraghani mara tu namba inapoonekana.

Hata hivyo WhatsApp hufunga ujumbe wa vikundi kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani husomeka na walio ndani ya kikundi tu, si na kampuni, na vikundi vya Telegram havina ulinzi huo. Ujumbe hukaa kwenye seva za kampuni. Kikundi cha wagonjwa, cha waathirika wa ukatili au cha wafanyakazi wanaodai haki zao kisiwekwe Telegram. Signal, programu nyingine ya mazungumzo yenye usimbaji huo na vikundi vya hadi watu 1,000, inafaa zaidi hata kama haina mada.

Mmiliki naye ajipange mapema. Umiliki wa kikundi cha Telegram hauhamishiki papo kwa papo: ni lazima awe amewasha uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri la ziada la akaunti) kwa siku 7 kamili kabla ya kumkabidhi mwingine, na akaunti isiyotumika kwa muda mrefu hujifuta yenyewe. Uthibitisho huo uwashwe siku kikundi kinapofunguliwa, na msaidizi mwenye haki zote ateuliwe siku hiyohiyo.