Elfu 7 zangu na fundi wa "polisi" za Windows

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Nasimamia ofisi ndogo ya wakala wa bima hapa Ngara, kompyuta 14. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ianze kutajwa katika kila kikao, bosi hanipi pumzi: skrini zijifunge mtu akiinuka, paswadi ziwe ndefu, flashi zisisomeke, maana tunashika nakala za vitambulisho na fomu za hospitali za watu. Mipangilio ileile, mashine zote. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa mjini anayejisifu kwamba polisi za Windows (yaani "policies", kanuni za mipangilio ya kompyuta) ndizo kazi yake. (Mama anayetuletea chai aliposikia kuna polisi wanakuja kuwekwa kwenye kompyuta, birika lilibaki hewani.)

Elfu moja kwa kila mashine, nusu mbele. Nikatuma kwa M-Pesa hata kabla hajakaa. Ujinga wangu.

Alikaa kwenye mashine ya mapokezi, akafungua gpedit, programu ya Windows ya kupangia hizo polisi, akabofya weee, kama dakika 40. Akainuka akipangusa mikono kama mtu aliyetoka kuchinja. "Tayari, madam." Na hizo nyingine 13? "Zitachukua zenyewe. Dakika 90 hivi." Nikauliza, zitachukua kupitia wapi? Hapo akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema mbele ya wateja wawili waliokuwa kwenye benchi: "Madam, wewe andika tu risiti zako za bima, haya niachie mimi."

Risiti za bima. Mimi!

Dakika 90 zikapita, siku ikapita, wiki nayo ikawa inaelekea kuisha. Patupu. Kila nikimpigia ni "washeni upya". Tukawasha upya hadi mhasibu akaacha kunisalimia. Aliporudi, shingo upande, alikuja na flashi yenye mafaili yake, akaichomeka kwenye ile mashine ya mapokezi, na mashine ikaikataa. Kizuizi alichokiweka kwa mikono yake mwenyewe! Nilienda kuchekea kwenye ngazi. Niliporudi, kumbe amekumbuka ana dharura Kitengela.

Aliyetuokoa ni kijana wa chuo aliye kwetu kwa mafunzo ya kazini. Alinieleza polepole, bila kukagua viatu vyangu: zile dakika 90 si uongo, ila ni za ofisi yenye seva na domeni, yaani kompyuta zote zimeunganishwa chini ya seva inayoziongoza, ambako mashine huiuliza seva kila baada ya muda kama kuna jipya. Zetu kila moja inajitegemea, haina wa kumuuliza. Akapakua LGPO, programu ya bure ya Microsoft, akachukua nakala ya mipangilio ya mapokezi, akaiweka kwenye folda ya pamoja ya ofisi (flashi si zimefungwa?), kisha akapita meza hadi meza: amri moja ya kuingiza, halafu gpupdate /force (amri ya kuilazimisha mashine isome polisi upya), halafu kuwasha upya. Kufikia saa ya chakula mashine 11 zilikuwa tayari. Mbili zilizobaki zina Windows Home, toleo la nyumbani, ambalo hiyo gpedit halina kabisa. Hizo zinangoja bosi alipie Pro, toleo la kazini, na bosi namjua.

Sasa kuna jambo linaniuma kulisema. Mipangilio tuliyosambaza ni ya yule fundi. Ile mashine moja aliyoigusa aliifanya vizuri mno: skrini inajifunga, paswadi fupi inakataliwa, hakuna alichosahau. Mwanzoni nilitaka kuandika kwamba nisingempa kazi hata ya kubadilisha balbu, lakini mkono wake ni mzuri, shida ni mdomo. Nilikuwa hata nimeanza kulainika.

Jana jioni ujumbe ukaingia: "Madam nasikia zimeshika zote. Ile nusu yangu iliyobaki?"

Nimemjibu itakuja yenyewe, asubiri dakika 90.