Kibanda cha Mikokoni au Hema la Kubeba?
Kwa anayetaka kupiga picha za ndege wa pwani katika hori (mkono wa bahari) la Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, swali la kujificha wapi hurudi kila msimu wa ndege wahamao. Kwa gharama, kibanda cha kudumu, kinachofikiwa kwa njia ya mbao kupitia mikoko, kinashinda: mgeni hulipa kiingilio tu, ilhali hema lazima linunuliwe, kisha lisuuzwe chumvi na kukaushwa kila baada ya matumizi, la sivyo zipu hukwama. Kwa uhakika, jibu ni gumu zaidi. Sululu, ndege wa pwani wenye mdomo mrefu uliopinda, wamekizoea kibanda, lakini kibanda hakifuati maji. Yakipwa mbali, hasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, ndege huyafuata, na hata lenzi ya milimita 400 huambulia vidoa. Hema husogezwa, ingawa joto la ndani saa sita mchana ni adhabu, na asiyejua saa za maji atazingirwa. Mwenye asubuhi moja na achague kibanda, awahi maji yanapojaa na kuwasukuma ndege karibu. Mkaazi mwenye subira atafaidi hema, mradi asilisimike mahali ndege wanapopumzikia.