Mbwa mwitu wa Peace River: chambo safi, hita aibu tupu

Nilikwenda Peace River, Kanada, kuwinda mbwa mwitu kwa kuwavizia penye chambo, nikiwa na mwongozaji wa kulipwa. Nampa nyota mbili, na zote ni za chambo. Hita ndiyo iliyoharibu safari nzima.

Kibanda cha kuvizia kiko ukingoni mwa shamba la kanola (mmea wa mbegu za mafuta), kaskazini mwa jimbo la Alberta, baridi nyuzi 36 chini ya sifuri. Ndani kuna hita iliyofungwa kwenye kamtungi ka ratili moja, kale ka jiko la kambini. Propeni ikifika nyuzi 42 chini ya sifuri haitoi tena mvuke, na presha huanza kuanguka mapema zaidi, maana mtungi mdogo unajipoza wenyewe kadiri unavyotoa gesi. Mwali unanywea, kifaa cha usalama kinakata gesi, kimya. Mara tatu kabla ya mapambazuko, na huko katikati ya baridi jua halitoki mpaka saa tatu na kitu asubuhi. Dawa inajulikana: mtungi wa ratili 20, mpira mrefu, na ubao chini ili usikalie theluji. Nilipomwambia mwongozaji, alinijibu, "Vaa soksi mbili."

Soksi! Shida si miguu tu. Anayetetemeka hawezi kutulia, na kwenye baridi ile buti likisogea kidogo sakafuni linalia kama mlango mbovu. Pumzi nayo inaganda kwenye kioo cha darubini ya bunduki. Kundi lilipojitokeza, nilikuwa nakwangua barafu kwa ukucha.

Chambo, lakini, lazima nikiri, kimewekwa na mtu anayejua kazi. (Huyu si yule mbwa mwitu wa madoa wa Ruaha. Dume la huku linafika kilo 45, na linaweza kung'oa paja la ng'ombe likaondoka nalo msituni.) Kwa hiyo nyama inakatwa vipande, inachanganywa na mizoga ya biva (mnyama mgugunaji wa mtoni) kutoka kwa watega mitego, inatiwa kwenye pipa, inamiminiwa maji na kuachwa igande. Bonge lile halibebeki. Mbwa mwitu wanabaki palepale wakiguguna. Kunguru wanafika kwanza, na kelele zao ndizo tangazo. Ng'ombe aliyekufa kwa sindano ya daktari wa mifugo anakataliwa kabisa, maana dawa ile inaua hata tai anayekula mzoga.

Kutoka kibandani mpaka chamboni ni mita 250, na upande upepo unakoelekea kumeachwa shamba jeupe, wazi. Mbwa mwitu hauendei mzoga moja kwa moja: huzunguka kwanza anuse, na hapo akizunguka ni lazima aonekane. Chambo kinaongezwa kila baada ya siku tatu, pikipiki ya theluji ileile, saa ileile, mpaka mbwa mwitu wauzoee mlio wake. Kamera zilizotegwa penye chambo zina betri za lithiamu, si zile za kawaida zinazokufa usiku mmoja.

Bunduki mwongozaji aliamuru ziingizwe nyumbani kwenye joto. Kosa. Chuma kinatoka jasho, asubuhi bolti (komeo la kupakia risasi) imeganda. Ziachwe nje, mafuta yafutwe, bolti ipakwe unga wa grafiti, kilainishi kikavu kisichoganda.

Basi, nyota tatu, kwa heshima ya lile pipa. Au nirudi kwenye mbili, maana siku ya kuondoka niliuona mtungi wa ratili 20, umejaa, umefungwa kwenye jiko la kuchomea nyama nyuma ya nyumba ya mwongozaji.